Fungu la Asiyekuwepo

Kunda mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naiona kutoka hapa nilipokaa. Uko kwenye ngazi ya mlango wa uani, umenipa mgongo, unachonga kijiti kwa kile kipande cha bati nilichokukataza. Leo sikukatazi. Mimi sijambo, ila nimechoka, na neno hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Kesho unaondoka na wazazi wako wapya kwenda Finland. Mambo ya koti, soksi za sufu na kupiga mswaki sitayagusa. Mama Liisa anayajua, na baridi ya kwao mimi nimeisoma tu kwenye kitabu cha jiografia. Nakuandikia kwa sababu tangu tulipotoka mahakamani hujanisemesha, na mimi kusema mbele ya mtu siwezi. Unanijua. Hata darasani mwalimu akiniuliza kitu ninachokifahamu, naangalia dawati. Kwenye karatasi najitahidi kidogo. Soma mwenyewe, polepole. Utaelewa nusu. Nusu nyingine itakusubiri ukue.

Najua ulisikia. Ulikuwa kwenye benchi la nje, na mlango wa afisa ustawi wa jamii pale mahakamani ulikuwa wazi kwa sababu feni yake ilikuwa mbovu. Mama Liisa na Baba Juhani walikuwa wameshahojiwa, Bibi ameshaweka dole gumba, ikabaki zamu yangu.

“Binti, naambiwa wewe ndiye unayeshinda na mtoto.”

“Ndiyo, mama. Mimi na bibi yake.”

“Bibi ameridhia. Wewe bado mwanafunzi, sheria hainilazimishi kukuuliza. Lakini nakuuliza.”

Nikaangalia meza yake.

“Nimechoka,” nikasema.

Alisubiri. Labda alidhani kuna maneno mengine yanakuja.

“Umechoka, kwa hiyo?”

“Kwa hiyo aende.”

Nilipotoka ulikuwa umesimama tayari. Tulipofika barabarani nikakunyooshea mkono tuvuke, ukaingiza mikono yako yote miwili mfukoni. Tangu siku ile hujaniita Mama. Ukitaka kitu unamwambia Bibi, na Bibi ananiambia mimi, na sote tumo katika chumba kimoja.

Sasa nisikilize. Ulipozaliwa mimi nilikuwa msichana wa shule ya msingi niliyependa kujificha nyuma ya mabeseni ya duka la Babu, nisome bila kutumwa. Marehemu mama yako, dada yangu Eliaichi, alikuwa ananitafuta kwa kuita majina ya vitabu badala ya jina langu. Alipofariki ulikuwa hujajua kusema zaidi ya “maji” na “hapana”. Siku ya msiba wanawake walikaa mkekani, Bibi akakuinua mapajani mwake, akakufunga mgongoni kwangu kwa kitenge, akasema mbele ya watu wote, “Haya, mama yake huyu hapa.” Hakuna aliyeshangaa. Mdogo wa mama ni mama, ndivyo tunavyohesabiana. Aliyeshangaa ni mimi peke yangu, maana nilisikia uzito wako, na nikajua kwamba watu wakitawanyika hutashuka.

Kliniki yule nesi aliniona na sare ya shule.

“Mama wa mtoto yuko wapi?”

“Ni mimi. Mama mdogo.”

“Udogo nauona,” akasema, akakuchoma sindano.

Ulilia ukanishika shingo, ukaniita Mama kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nataka mtu mwingine aitike. Nikaitika mimi.

Kuhusu kuchoka. Unajua mwenyewe jinsi siku zetu zilivyokuwa tangu Bibi apigwe na kiharusi. Kumwogesha yeye, kukuogesha wewe, kubandika uji, kukimbilia shule, kurudi, kufua. Mjomba Elinami ana watoto wake Buguruni na chumba kimoja, analeta alichonacho. Jioni nikifungua daftari, macho yanafunga. Sitakudanganya kwamba sikuwahi kukuchoka wewe pia. Kuna jioni uliniuliza swali juu ya swali, kwa nini kuku hawana meno, kwa nini Babu hajibu akiitwa kaburini, na mimi nikatamani tu nyumba yetu iwe na mtu mkubwa kuliko mimi. Lakini kuchoka si kutokupenda, Kunda. Wapagazi wa sokoni huchoka kila siku, na mzigo wa mtu hawautupi njiani. Huutua pale ulipotakiwa kufika.

Sijui kama nimekutua mahali sahihi. Nadhani ndiyo. Wote wanaokuja kutuaga wanasema ni mpango wa Mungu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na naona hata uamuzi wa mwenzio ni hivyo hivyo, mwepesi. Mimi sijui kumsingizia Mungu. Ofisini tulikuwepo sisi. Na sala zangu hazikuwa nzuri. Niliomba mahakama ikubali, na katika sala hiyo hiyo nikaomba ikatae, kisha nikasema Amina. Sijui Mungu hufanya nini na sala ya namna hiyo. Uliwahi kuniuliza kama Mungu wa Finland anajua Kiswahili, nikakujibu anajua lugha zote. Lile lilikuwa jibu la shule ya Jumapili. Jibu langu ni kwamba nilipokosa maneno kabisa, nilikaa tu kanisani kwenye benchi la nyuma, na sikujisikia peke yangu. Hilo tu ndilo ninaloweza kukushuhudia.

Mama Liisa ni mtu mwema. Naandika hivi na bado moyo unaniuma kidogo. Ulipoanza kulala kwao Upanga, kwa yale majaribio ya ustawi ya kuzoeana nao, hukupata usingizi. Alikuja mpaka hapa na Kiswahili chake cha taratibu, akaniuliza, “Dada, kwa nini mtoto halali? Chumba ni kizuri, kimya kabisa.” Nikamwambia sijui. Nilijua. Wewe umezaliwa hapa Mtaa wa Sikukuu, umelelewa na vipaza sauti vya wauza viatu, jenereta, makuli wakishusha marobota na walinzi wakibishana mpira. Wewe ni mtoto unayeota huku unasema “mbili mbili mbili, chagua mwenyewe.” Ni ule ukimya uliokuogopesha. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kiwepo kitu kimoja ambacho nakijua mimi tu. Ukarudi macho mekundu, na nikaona ni wewe uliyelipia wivu wangu. Jumapili nikamfuata baada ya ibada, nikamwambia akuwekee redio kwa sauti ya chini. Akanishika mkono. Nimeambiwa kwao theluji ikianguka hata magari hayasikiki. Redio ameshaipakia.

Sasa kuhusu uso wako.

Baba yako alikuwa na duka la chaja na spika kwenye ghorofa la kona, lile la vioo vya bluu. Mtaani walimwita Jeki, jina la kwao China sikuwahi kulijua na mama yako aliondoka nalo. Ninayoyajua nakupa yote. Alikuwa mwembamba, anacheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha. Alipenda muhogo wa kuchoma wenye pilipili, na aliula amechuchumaa kwenye ngazi ya duka, akiupeleka upande mmoja wa mdomo, vilevile unavyokula wewe. Alirudi kwao kabla tumbo la mama yako halijaonekana. Kama alijua, hatujui. Sitakwambia alikuwa mbaya na sitakwambia alikuwa mzuri.

Kwa nini sikukwambia mapema? Kwa sababu nilidhani nakukinga. Unakumbuka watoto wa mtaa wa nyuma.

“Oya Mchina, wewe original au kopi?”

Ulikuwa hujaanza hata darasa la kwanza, ukawajibu, “Mimi nina waranti.”

Wote wakaanguka kwa kicheko, na tangu hapo wakakuchagua kwenye timu. Wewe ulijua cha kufanya. Mimi ndiye niliyetoka mlangoni, mimi nisiyesemaga, nikawaambia, “Huyu si Mchina, huyu ni Mchagga.” Nikaona nimekutetea. Ukaniangalia, kisha ukaingia ndani ukasimama mbele ya kioo cha Bibi muda mrefu. Nilikutetea kwa kukukata nusu. Huko unakokwenda hawatakuita Mchina, watakuita Mwafrika, na atatokea mtu mwema atakayewajibu, “Huyu ni wetu, ni Mfini.” Mshukuru huyo mtu, nia yake ni nzuri. Halafu umwambie na sehemu zilizobaki.

Kuna jambo moja ambalo nafikiri ndilo linalokuumiza kuliko maneno ya ofisini, ingawa hujalitamka. Ni ile Krismasi ya Moshi.

Tulikuwa kihambani, kwenye migomba ya ukoo, na wanaume walikuwa wanagawa nyama juu ya majani. Kwetu mbuzi hagawiwi ovyo. Kila mtu ana sehemu yake kwa jinsi anavyohusiana na nyumba, na sehemu ikitajwa, mtu ametajwa. Ulikuwa umeshika sahani yako ya bati. Walitaja watoto wote uliokuwa unacheza nao, mmoja mmoja, ukabaki wewe. Kaka yake Babu akasimamisha kisu.

“Huyu tumkatie wapi?”

“Fungu la mpwa,” Mjomba Elinami akasema.

“Mpwa ana baba aliyeleta pombe ya mbege na mbuzi wa mahari hapa. Baba wa huyu alileta nini?”

“Alileta chaja,” mtu mmoja akasema kule nyuma.

Walicheka. Si kwa ubaya mkubwa, watu walikuwa wamekunywa. Mjomba akaangalia chini, na mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu nyuma yako, maneno yamenijaa mdomoni, nikayameza. Nikakuvuta jikoni, nikakumegea fungu langu, nikakwambia watoto wadogo hupata kupitia kwa mama zao. Ulikula. Tulipolala ukaninong'oneza, “Mama, lakini Godi ni mdogo kuliko mimi, na yeye ameitwa.” Nikajifanya nimelala.

Hukurudia tena kuuliza. Ila tangu mwaka ule, nyama ikigawiwa popote, unakwenda chooni mpaka iishe kugawiwa. Ulidhani sikuona.

Ndiyo maana jana nilipomwona Mjomba anaingia uani na yule mbuzi aliyemnunua Vingunguti, moyo ulinishuka. Nia yake ilikuwa kukuaga. Mzee Shomari wa chumba cha mbele akachinja ili nyumba nzima tule bila mtu kusita, watoto wakakusanyika, Bibi akatolewa na kiti chake. Mjomba akatandika majani ya migomba aliyoyanunua sokoni, akanoa kisu. Nikakuona unaanza kuondoka taratibu kuelekea chooni.

Mjomba naye akakuona. Akabaki na kisu hewani, kama yule mzee wa kihambani.

“Sasa huyu msafiri,” akasema, “tumkatie wapi?”

Mwanangu, nilisikia sauti yangu kabla sijaamua kuitoa.

“Mkatie kidari.”

Mjomba akageuka. “Kidari ni cha mzee wa nyumba. Ni cha Baba, babu yake. Tangu amekufa tunakipika tu, hakiitwi na mtu.”

“Siku ya ubatizo mzee wa kanisa aliuliza mtoto ataandikwa kwa jina la nani,” nikasema. “Baba akasema aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Mlikuwepo. Mahari hatukula, kwa hiyo mtoto ni wa nyumba hii, na jina la mwenye nyumba analo yeye. Na kama mnataka kujua baba yake alileta nini, alimleta yeye.”

Nikashika ukuta. Mzee Shomari akasema polepole, “Binti kumbe anaongea.” Watu wakacheka, na safari hii kicheko kilinifanyia wema. Mjomba hakucheka. Alimwangalia Bibi. Bibi ulimi wake mzito, lakini mkono wa kushoto bado ni wake. Akaunyoosha, akaligonga tako la mbuzi, akatikisa kichwa, akasogeza tena kidole mpaka kifuani, akagonga hapo.

Mjomba akakata. Akaita kwa sauti ya kihambani, “Kidari! Kundaeli wa nyumba hii!” Nawe ulikuwa umefika mlango wa choo. Uligeuka kama mtu aliyeguswa bega.

Ulikula umekaa katikati yetu. Ulipomaliza ukamuuliza Mjomba, “Na Krismasi, mimi nikiwa kule?”

“Tunakata vilevile. Asiyekuwepo hukatiwa. Fungu lake linaitwa, na linaliwa na yule aliyemwachia.”

“Nani?”

“Unamtaja wewe.”

Ukatuzungusha macho sote. Bibi, Mjomba, mimi. Kwangu yalipita haraka.

“Nitasema kesho,” ukasema.

Kesho yenyewe ndiyo leo. Sijakuuliza. Nimefua, nimekunja, nimemlisha Bibi, na kila nilipopita ngazini nimepunguza mwendo, nawe umeendelea na kijiti chako. Ukimtaja Bibi, ni haki. Ukimtaja Mjomba, ni haki pia, yeye ndiye mwenye kisu. Nimejiandaa kwa vyovyote. Nilitaka tu ujue kabla hujaondoka kwamba yule aliyesema “aende” na yule aliyesema “mkatie kidari” ni mtu mmoja, na alikuwa anasema jambo moja. Unakwenda ukiwa wa watu. Hutolewi hapa kama kitu kilichokosa mwenyewe.

Adhana ya magharibi imelia, na nilisimama kumwashia Bibi taa. Niliporudi nimekukuta umeegemea mlango, kijiti mkononi. Ulikichonga ncha zote mbili. Umeuangalia mwandiko wangu bila kuusoma, kisha umeangalia dari.

“Mama,” umesema. “Ya kwangu ule wewe.”

Nikaangalia karatasi. Unanijua.

“Lakini usile mafuta yake,” umesema. “Mimi mafuta sipendi.”

Kisha umerudi kwenye ngazi, na safari hii umekaa umenielekea mimi.

Basi, mwanangu, nenda. Krismasi wakiita jina lako nitaitika, hata kama watu wote wamenigeukia. Nitakula mpaka mfupa. Mafuta nitayaweka pembeni.

Mama